Mchunga Nyumbu Aliyeachwa Nje ya Filamu

Baba yangu alikuwa dereva wa lori la mifugo. Alipoacha lori, macho nayo yakamwacha yeye. Daktari aliita presha ya macho, akasema kilichokwisha kuondoka hakirudi, tutunze tu kidogo kilichobaki. Baadaye hata hicho kidogo kikaenda. Mimi upofu haukunitisha sana, kilichonitisha ni kimya. Mtu ambaye zamani sauti yake ilifika nyumbani kabla yake, sasa alikaa kwenye mkeka wake, mgongo ukutani, tasbihi mkononi. Ukimuuliza kama amekula, anasema nimekula. Ukimuuliza kama anataka chai, anasema sawa. Nilikuwa nimeona wazee wengine wa mtaa wetu hapa Isiolo wakinyamaza namna hiyo, na baada ya kunyamaza hawakukaa sana.

Kimya kwetu si kitu cha kawaida. Babu zetu Wasomali waliletwa huku wakiwa askari wa mzungu, vita vikaisha, wakabaki, na tangu hapo kazi yetu imekuwa kununua, kuuza na kusafirisha. Mtu akirudi safari hupewa maji kwanza, kisha chai, kisha anaambiwa neno moja la Kisomali, warran, yaani toa habari. Hapo anatoa yote kwa mpangilio. Ulitoka lini, ulilala wapi, mvua uliiona upande gani, ngamia uliowakuta walikuwa wa nani na nundu zao zilikuwaje. Anayesikiliza hakatizi. Na anayesimulia haruki, kwa sababu huwezi kujua ni kipande gani ambacho mwenzako anakihitaji. Pengine wewe uliona mvua ndogo tu ukaipuuza, kumbe yeye ana mbuzi huko.

Baba alikuwa bingwa wa hiyo kazi. Alikuwa anarudi kutoka Moyale au Marsabit, vumbi hadi kwenye kope, anakunywa chai yake, na sisi watoto tunajua kula kumesogezwa mbele kwa sababu habari inatoka. Sasa huyo ndiye aliyekuwa akiniambia "sawa".

Mimi nauza sare za shule. Shule zikishafunguliwa na wazazi wameshalia kuhusu bei, duka linatulia, na hapo ndipo ninaposoma. Kuna jamaa karibu na soko anauza vitabu vya mitumba juu ya gunia, na kwake nilipata kitabu kinene, jalada limeng'oka, cha Kiingereza, cha zile hadithi za nchi ambazo hazipo. Kinahusu msafara wa watu wanaobeba kaa la moto lisilozimika. Wanavuka nchi nzima ya chumvi kwenda kuwasha nalo jiko la mji wa kaskazini, mji ambao umekaa kwenye baridi tangu mfalme wake afukuzwe. Mrithi wa huyo mfalme ni msichana, yumo humo msafarani. Ndiyo hiyo. Ukiisimulia hivi inaonekana upuuzi, najua.

Alasiri moja nilikuwa nimekaa sebuleni nasoma, nikacheka peke yangu. Baba akageuza uso.

"Unacheka nini?"

Sikumbuki mara ya mwisho aliniuliza kitu. Nikamwambia kuna mchunga nyumbu humu kitabuni, anawatukana nyumbu wake kwa adabu, kila tusi anaanza na "mheshimiwa". Baba akasema, "Soma." Nikamwambia ni Kiingereza. Akasema, "Kwani wewe huna Kiswahili?"

Basi nikaanza. Macho kwenye Kiingereza, mdomo kwenye Kiswahili, pale Kiswahili kikinishinda naweka Kisomali, na ikawa ndiyo desturi yetu kila siku baada ya alasiri. Mwanzoni nilijitia ujanja. Hivi vitabu vina nyimbo, kurasa mbili tatu za nyimbo, na orodha za nani alimzaa nani, nikaona mzee wa watu nitamchosha bure. Nikageuza haraka.

"Umeruka," akasema.

"Sijaruka, Aabo," nikasema, maana ndivyo tunavyomwita baba.

"Karatasi mbili zimepita. Mimi nimepofuka, sijawa kiziwi. Usiruke."

Nikarudi nyuma nikamsomea wimbo wote wa wachota chumvi, beti baada ya beti, naye anatikisa kichwa pale anapokubali. Na akaanza maswali, tena maswali ya kidereva. Hao nyumbu wamekunywa wapi mara ya mwisho? Mzigo umegawanywaje? Nani analinda usiku, na huyo anayelinda mchana analala saa ngapi? Niamini, kitabu kilikuwa na majibu. Ndiyo maana kilikuwa kinene vile. Mwandishi alikuwa ameandika kwato zilizopasuka, uji ulioungua, siku nzima ya kungoja upepo utulie ambapo hakuna kilichotokea isipokuwa watu wawili walikosana kwa sababu ya kijiko. Mimi nikisoma peke yangu ningepita hapo mbio mbio nitafute vita vilipo. Baba alipenda hapo hapo. Vita vyenyewe aliviona kelele tu.

Na mtu wake alikuwa yule mchunga nyumbu. Msichana wa kifalme alimwona mzembe, maana siku moja alikunywa maji kabla ya wanyama wake, na hapo hata Baba alimkasirikia kweli, akaniambia niache kusoma kwanza. Lakini mchunga nyumbu alijua visima. Alijua kulala chini ya mzigo mvua ikinyesha, na alijua kumfanya mtu aliyekata tamaa acheke. Baba akala vizuri. Akaanza kutoka tena kwenda msikitini, ameshika bega langu, njiani ananieleza makosa ya kiongozi wa msafara. Watu wakimsalimia salaam aleikum anawajibu kwa sauti yake ile ya zamani. Nilifurahi hadi nikaogopa. Nikawa natazama kurasa zilizobaki jinsi zinavyopungua, nikajiuliza zikiisha itakuwaje.

Halafu mchunga nyumbu akafa, katikati ya chumvi, kwa homa, kifo cha kawaida kisicho na upanga. Baba akasema innalillahi kwa utulivu kabisa, kama vile habari imeletwa na jirani. Hakutaka tuendelee siku ile wala siku iliyofuata. Siku ya tatu aliuliza jambo moja.

"Ana mama huyu?"

Nikamwambia ndiyo, alitajwa mwanzoni, yuko kijijini kwao anangoja.

"Nani atampelekea habari?"

Nikapima kurasa kwa vidole. Ilikuwa imebaki robo ya kitabu.

Hapo ndipo mdogo wangu alipokuja kwa Idi kutoka Nairobi. Ni mtu mwema, nisimseme vibaya zaidi ya anavyostahili. Kazi yake ni kompyuta, na kitu chochote kirefu kinamwasha mwili. Alimletea Baba televisheni kubwa iliyoenea ukutani kwa shida, na ndani ya flashi akaleta filamu. Kumbe kile kitabu kilikuwa kimetengenezewa filamu, mimi sina habari. "Abayo," akaniambia, maana ndivyo tunavyomwita dada, "wewe unamtesa mzee miezi na miezi. Hii ni saa tatu tu, inaisha na mwisho wake."

Baba mwenyewe alikubali. Alivaa kikoi safi, akakaa wima, akasema haya, wekeni. Nafikiri alitaka kujua habari za yule mama.

Mdogo wangu akawa ndiye mkalimani, mimi nipo na birika. Nitasema haki: sauti zilikuwa nzuri. Upepo wa nchi ya chumvi ulikuja sebuleni, nyumbu waliposimama ukasikia ngozi za mizigo zinavyolia, na Baba akatabasamu. Kitabu hakiwezi hilo. Lakini ilipofika safari yenyewe, ile tuliyoisoma kiangazi chote, ukapigwa muziki. Msafara ukaonekana kwa mbali, kutoka juu, watu wadogo kama siafu, jua likazama mara moja, likachomoza mara moja, muziki ukaisha.

"Wamefika," mdogo wangu akasema.

"Wamefika wapi?"

"Mjini, Aabo. Kaskazini."

"Wamefikaje?"

"Wametembea, si unajua. Sasa kuna vita, hii ni nzuri, subiri."

"Mchunga nyumbu yuko wapi?"

Mdogo wangu akanitazama mimi. Nikamwambia kuna mchunga nyumbu katika kitabu. Akaangalia majina mwishoni mwa filamu, akatafuta kwenye simu, akasema, "Hayumo. Wamemtoa." Kisha, kwa nia njema kabisa, akaongeza, "Si mtu muhimu, Aabo. Hadithi inaenda bila yeye."

Baba aliuliza kama maji ya udhu yapo. Akaenda zake.

Siku iliyofuata nilichukua kitabu baada ya alasiri, nikakaa mahali petu. Akasema, "Wacha tu, mama. Si wamefika." Nikasubiri siku nyingine. Wacha tu. Chai? Sawa. Amekula? Amekula, na sahani iko pale pale, nyirinyiri yote juu yake, na hiyo ni nyama ya mafuta ambayo zamani ungeificha asiimalize. Nikaona kile kimya kimerudi kimekaa mahali pake kana kwamba hakikuwahi kuondoka.

Nilimsubiri mdogo wangu jikoni. Nilimwambia maneno mengine ambayo sitayaandika. Nilimwambia huyu mzee hakuwa anasikiliza kisa cha mfalme, alikuwa anasafiri, ndiyo safari pekee iliyombakia, na wewe umemshusha njiani. Akaniambia ninakuza mambo. Akasema filamu haiwezi kubeba kila kitu, lazima wachague, na wakichagua, mtu wa kuchunga nyumbu ndiye wa kwanza kutoka. Nami ninajua hilo ni kweli. Filamu ina saa zake. Kilichoniuma ni kwamba wanajua kabisa nani wa kumtoa. Hawamtoi mwenye taji. Wanamtoa anayepika, anayechota, anayeimba, wanatoa siku za kungoja, kisha wanatuambia hii ndiyo safari. "Ni mchunga nyumbu tu, Abayo," akasema mara ya pili, kwa sauti kubwa sasa, na ukuta wa jikoni kwetu ni mabati, Baba yuko ng'ambo yake.

Asubuhi Baba alimwita. "Gari lako lina mafuta?"

"Lipo tayari, Aabo. Unataka kwenda wapi?"

"Ngaremara."

Hapo ni karibu tu na Isiolo, njia ya kwenda Marsabit. Tukatoka, yeye mbele, mimi nyuma na chupa ya chai, kwa sababu sijui kwenda mahali bila chai. Barabara hiyo siku hizi ni lami hadi Moyale, imenyooka, gari linateleza tu. Watu wanakunywa chai Isiolo na kula cha mchana Marsabit. Enzi za Baba ilikuwa siku kwa siku, mawe na matope, msafara wa malori unangoja askari wa kusindikiza. Nilikaa nyuma pale nikaona kwamba hata barabara yake imefanywa filamu. Unatoka, unafika, katikati kuna muziki wa redio.

Mdogo wangu alikuwa anaendesha anavyoendesha Nairobi. Baba akamwambia apunguze. Akashusha kioo, akatoa mkono nje. Tuliwapita akina mama wa Kiturkana na makaa yao barabarani, tukapita mbuzi, na mahali fulani lami iliinama kidogo tu, hata mimi mwenye macho nisingesema imeinama.

"Simama."

"Aabo, hapa hakuna kitu."

"Kuna daraja?"

Kulikuwa na daraja dogo, la simenti, lenye vyuma pembeni. Chini yake ni laga, mto wa mchanga usio na maji, na mbuzi wawili wanakula maganda. Tulimshusha, akashika chuma cha daraja. Lori likapita, likatupulizia vumbi, akangoja sauti iishe.

"Hapa mimi na mama yenu tulikwama," akasema.

Mama yetu alifariki tukiwa bado shule ya msingi. Kuhusu safari hiyo mimi nilijua sentensi moja tu: alikwenda Marsabit kumzika dada yake, tumbo likiwa kubwa, mimi nikabaki na nyanya, yeye na Baba wakarudi na mtoto mchanga, huyu mdogo wangu. Nilipouliza, niliambiwa walichelewa kidogo njiani. Kwa Baba, ambaye habari ya kununua tairi ilimchukua jioni nzima, hiyo ilikuwa sentensi fupi kupita zote.

"Mambo ya uzazi mwanaume hasimulii," akasema. "Ilikuwa ya mama yenu kuisimulia. Akaenda kabla hajawaambia. Basi mimi nikawa naruka hapo, kila mwaka naruka."

Akamtafuta mdogo wangu kwa mkono, akampata bega.

"Laga ilikuwa imejaa. Mvua ya milimani. Lori lilikuwa na ng'ombe juu na mama yako kabin, na uchungu ulikuwa umeshika. Mimi dereva mzima, nilikaa nikalia, wallahi. Nilikuwa na taniboi, kijana wa Kiborana kutoka upande wa Garba Tula. Kazi ya taniboi ni kufunga mlango wa ng'ombe na kuweka jiwe nyuma ya tairi. Hakuna anayemuuliza jina. Huyo akaniambia, mheshimiwa, wewe lia, mimi naenda. Akavua viatu, akaingia kwenye maji."

Nilisikia lile "mheshimiwa", nikashika chuma cha daraja na mimi.

"Alivuka?" mdogo wangu akauliza.

"Alivuka. Akaenda kwenye maboma ya Waturkana, wala hakujua lugha yao sawasawa. Akarudi na mama mmoja mkunga, mzee, amembeba mabegani, maji yanafika hapa." Akagusa kifua. "Ng'ombe wanalia, yeye anawaimbia watulie. Yule mkunga akaingia kabin. Sisi wawili tukakaa chini ya lori. Ukazaliwa hapo, upande ule wa kaskazini, karibu na mti ambao nadhani wameukata."

Kweli, hapakuwa na mti.

"Hospitali ya Isiolo ilikupokea ukiwa tayari unanyonya. Siku ya saba tukakupa jina. Wewe unafikiri ni la mjomba wa babu yako. Watu waliuliza, nikawaacha wafikiri hivyo, nisije nikalazimika kueleza habari za mke wangu. Ni la yule taniboi."

Mdogo wangu huko Nairobi hilo jina amelikata, wanamwita kwa herufi ya kwanza tu. Alikuwa amesimama, funguo mkononi.

"Yuko wapi sasa?" nikauliza mimi, ingawa nilishaanza kujua.

"Homa. Huko Moyale, safari nyingine, huyu hajaota meno. Nilimzika huko. Kisha nikaenda Garba Tula kwa mama yake, maana nani mwingine angeenda? Akanipa maji. Akanipa chai. Akaniambia kwa lugha yake nitoe habari. Yule mama nilimpa yote, tangu tulipotoka Marsabit, matope, maji, wimbo aliowaimbia ng'ombe, mpaka mambo ya uzazi nilimwambia, nikaona haya baadaye. Yeye peke yake ndiye aliyewahi kuipata nzima. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akauliza swali moja tu, mtoto anaitwa nani. Nikamwambia."

Lori jingine likapita. Nikatoa chupa ya chai nimpe Baba. Nikamwona mdogo wangu, mtu ambaye hawezi kungoja maji yachemke, anakaa chini kwenye ukingo wa lami, nguo zake nzuri za Idi kwenye vumbi. Akamshika Baba mkono, akamkalisha kando yake taratibu. Akanichukulia ile chupa, akaifungua, akamimina, akamwekea Baba kikombe mkononi na kuvikunja vidole vyake juu yake hadi alipohakikisha ameshika.

"Aabo," akasema. "Rudi nyuma. Anza mlipotoka Marsabit. Usiruke kitu."